Rumonge: Mji Usio na Kanisa Kuu

Msafiri anayeingia katika mji wenye kanisa kuu la kale hahitaji kuuliza aanzie wapi: huinua macho, akauona mnara, akauelekea. Rumonge haimpi mgeni msaada huo. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, Ziwa Tanganyika likiwa kulia kwako na milima kushoto, utasafiri takriban kilomita 75 hadi mji wa michikichi, mawese na samaki wa mukeke, ambamo adhana husikika na Kiswahili huzungumzwa sokoni. Kanisa kuu, yaani kanisa lenye kiti cha askofu, halipo. Kwa Wakatoliki, Rumonge imo katika jimbo la Bururi, na kanisa kuu la jimbo hilo liko huko juu milimani. Hata hivyo, misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Burundi ilianzishwa hapa ufukweni.

Kabla ya kufika, wageni wengi husimama Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, kulitazama jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaoambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakaja kaskazini kwa mtumbwi kutaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia. Jiwe lenyewe halisemi uongo. Wasemao ni baadhi ya wanaolieleza. Nawaomba wanafunzi wangu walikumbuke jiwe hilo, kwa sababu mwambao huu una desturi ya kuhifadhi majina ya wageni kuliko ya wenyeji.

Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la Mapadri Weupe, walikuwa shirika changa lililoundwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza ulitoka pwani mwaka 1878, na Januari 1879 sehemu ya msafara huo ikafika Ujiji. Mwezi Julai mwaka huohuo wakafungua kituo Rumonge. Nguvu za Mwami Mwezi Gisabo zilikuwa milimani. Huku ziwani wenyeji, wafanyabiashara Waislamu kutoka Ujiji na wageni wa Ulaya walipimana kila siku. Biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea, na Lavigerie alikuwa amewaagiza mapadri wake wawanunue watoto walioshikwa utumwani, wawalee na kuwafundisha dini.

Mzozo ulizuka juu ya mtoto mmoja wa namna hiyo. Wabikari, jamii ya mwambao huo, walimdai. Mapadri wakakataa kumtoa. Tarehe 4 Mei 1881 kituo kilivamiwa, wakauawa padri Toussaint Deniaud, padri Augier na msaidizi wao Mbelgiji, D'Hoop. Kituo kikaachwa.

Hapa naomba tulitazame neno moja, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Kwa Kiswahili twasema mapadri walimkomboa mtoto. Kitenzi *kukomboa* kina pande mbili: mtu hukomboa shamba aliloliweka rehani, yaani hulipa fedha akakirudisha kilicho chake, na pia mtu hukombolewa utumwani, akawa huru. Mapadri walikuwa na maana ya pili: mtoto ameokolewa, kumrudisha ni kumpoteza tena. Wabikari, nadhani, waliiona ile ya kwanza: mtoto ni wetu, fedha ya mgeni haiwezi kumfanya wake. Simtetei aliyechukua mkuki, wala simlaumu padri aliyeogopa kumrudisha mtoto katika hatari. Lakini katika simulizi nilizosoma, marehemu watatu wana majina, na yule waliyefia ni "mtoto" tu. Alitaka kukaa wapi? Sijaona palipoandikwa kwamba aliulizwa.

Baadaye wamisionari walirudi kuhubiri katika Burundi. Walikwenda juu: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899. Huko walijifunza Kirundi, wakakiandika, na Kiswahili wakakiona kuwa lugha ya miji na ya Waislamu. Baadaye makanisa makuu yakasimama Gitega, Bururi na Bujumbura, ambako Regina Mundi huonekana na kila apitaye mjini. Rumonge ikabaki na bandari yake, misikiti yake, na hicho Kiswahili ambacho leo shule za Burundi zinakifundisha.

Kwa wiki hii, basi, kazi ni moja. Andika aya mbili juu ya siku chache kabla ya tarehe 4 Mei 1881: moja kwa kauli ya padri, nyingine kwa kauli ya ndugu wa mtoto. Tumia *kukomboa* katika zote mbili. Atakayeweza aongeze aya ya tatu, ya mtoto mwenyewe, ampe na jina.