Nipe Mji

Mtoto wa Unguja akitega kitendawili na mwenzake akashindwa kukitegua, haombi peremende wala senti, huomba mji. Mwenzake humpa Mombasa, au Lamu, au Muskati, naye huupokea kama mfalme kabla ya kulifichua jibu. Ada hiyo imefika mbali na bahari. Katika kata ya Makole, jijini Dodoma, ambako mvua ni haba na uwele hustawi kuliko mpunga, "Kitendawili!" huitikiwa "Tega!" vilevile, na aliyeshindwa hulipa mji.

Safari ya Kiswahili kufika nyanda za kati ilikuwa ndefu. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipita Ugogo na kuwalipa watemi hongo, na lugha ikapanda pamoja na mizigo. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1973 ikaamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na watu wa makabila mbalimbali wakaja kujenga ujirani. Ndipo akapatikana mtoto anayeamkiana na bibi yake kwa "Mbukwa", kisha akamjibu mwalimu wake kwa Kiswahili. Khofu ya wazazi wengi ni kwamba mtoto wa namna hii atakuwa na maneno machache katika lugha zote mbili.

Khofu hiyo ilikwisha kujibiwa na mwana wa nchi hiyohiyo. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma. Alikuwa Mgogo, na Kiswahili hakukinyonya kwa mama. Hata hivyo alitunga diwani kwa Kiswahili, wala hakuitupa asili yake, kwani mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Kisha akaasisi ngonjera, mashairi ya kujibizana, ambamo mmoja huuliza au hupinga na mwingine humwelekeza. Alifariki mwaka 1969. Chama cha UKUTA kikaendelea kuzieneza ngonjera zake, na watoto wa shule wakazighani nchi nzima.

Ngonjera na kitendawili ni ndugu, kwa kuwa vyote huhitaji vinywa viwili. Neno halikai kichwani kwa kusikiwa tu. Hukaa likitafutwa, likikosewa, likilipiwa. Darasani aghalabu kitendawili hupewa jibu moja la kukariri. Barazani, bibi aweza kulikubali jibu la pili iwapo mjukuu atalitetea, na katika kulitetea huko ndimo maneno mapya huzaliwa.

Chukua kitendawili kinachojulikana na kila mtu: nyumba yangu haina mlango. Mtoto akijibu "yai", mchezo usiishie hapo. Aulizwe ukuta wa nyumba hiyo unaitwaje, na waliomo ndani ni nani, hata ayataje ganda, ute na kiini; kisha bibi ayataje hayohayo kwa Kigogo. Yai moja limekwisha kutoa maneno sita.

Au uchezwe kinyume, ambacho Edward Steere alikiweka katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870 baada ya kukisikia Unguja. Silabi ya mwisho hutangulizwa: nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita. Huonekana upuuzi, lakini asiyelijua neno sawasawa hawezi kuligeuza.

Na siku mtoto wa visiwani atakaposhindwa, naye aweza kumpa mwenzake mji wa Dodoma. Ila kabla ya kuutoa, ni vyema ajue anachokitoa. Wagogo husimulia kuwa jina hilo latokana na "idodomya", neno lao lenye maana ya kuzama, pale tembo alipokwama matopeni. Atakayeupokea mji huo atakuwa amepokea na neno la Kigogo.