Mada ya wiki: Laini

Mada ya picha wiki hii ni neno moja tu: Laini. Najua wengi watakimbilia kamba za kuanikia nguo, nyaya za umeme na ile rangi nyeupe ya barabarani. Si vibaya. Lakini neno hili mitaani kwetu limebeba mizigo zaidi ya hiyo. Kuna laini ya kitambaa kilicho laini, hiyo tuliipata kwa Waarabu. Halafu kuna laini tuliyoipata kwa Waingereza, na hiyo ndiyo ninayoifuata leo. Reli ni laini. Foleni ni laini. Nyumba za askari polisi ni laini. Kadi ndogo iliyo ndani ya simu ni laini. Ukimuuliza mtu wa Nairobi ana laini ngapi, hatakujibu habari za kamba.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wapiga picha ni huu: kabla ya kuwasha kamera, liulize neno linafanya kazi gani hapo ulipo. Mimi nimepata laini nne, na kila moja ina hadithi yake.

Laini ya kwanza: reli

Hii ndiyo baba yao. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi Mei 1899, na Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Sisi tunapenda kusimulia wale simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, lakini waliouawa na magonjwa na ajali ni wengi mno kuliko walioliwa na simba.

Nairobi yenyewe ni mtoto wa laini hiyo. Palikuwa mahali pa maji baridi ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe. Wahandisi wakapachagua kuwa bohari kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Mji ukaota hapo, na haukuondoka.

Ukitaka picha nzuri, nenda Syokimau. Reli ya zamani ina upana wa mita 1. Ile mpya, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Treni ya moja haiwezi kukanyaga nyingine, kwa hivyo abiria anashuka na mizigo yake na kupanda treni nyingine ili afike katikati ya mji. Sisi waundaji wa programu ugonjwa huu tunaufahamu vizuri: mifumo miwili isiyosomana, na mtumiaji ndiye anayebeba mzigo katikati.

Laini ya pili: Laini Saba

Hiki ni kijiji kimoja cha Kibera. Inasimuliwa kwamba jina lilitokana na uwanja wa shabaha wa askari wa King's African Rifles. Askari Wanubi kutoka Sudan walipewa makazi huko mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Walipigania ufalme wa Uingereza lakini hati ya ardhi hawakupewa. Hati ya ekari 288 ilikuja mwaka 2017, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Na reli ya kwenda Uganda inapita papo hapo Kibera. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waliing'oa. Picha za vyuma vilivyopinda zilizunguka dunia nzima. Kumbuka kwamba reli hii haibebi mizigo ya Kenya peke yake, hata Uganda ilikuwa ikiitegemea. Ukipiga picha hapo leo utaona watoto wakivuka na wachuuzi wakipanga bidhaa kando ya vyuma. Ndiyo maisha. Lakini andika chini ya picha ni nini kilitokea hapo, maana chuma kilichorudishwa hakisemi kama kiliwahi kung'olewa.

Laini ya tatu: kadi ya simu

Hii sitakaa nayo sana kwa sababu kila mtu anayo. Neno moja tu. M-PESA ilipoanza Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini yenyewe, siyo ndani ya simu. Waliokuwa na kadi za zamani walilazimika kubadilisha kadi. Ndiyo sababu ilifanya kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa, ile ya tochi na skrini isiyo na rangi. Kama una kadi ya zamani kwenye droo, usiitupe. Ipige picha karibu kabisa, mpaka zile dhahabu zionekane.

Laini ya nne: mlolongo

Hii ndiyo nimeifikiria zaidi wiki nzima.

Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, hapakuwa na karatasi za siri. Wapiga kura walipanga laini hadharani nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Afisa akapita akahesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikwenda bungeni moja kwa moja, bila kura ya siri kufuata. Tukauita mlolongo.

Walioshuhudia bado wanasimulia jinsi laini fupi zilivyotangazwa kuishinda laini ndefu. Viongozi wa makanisa walikuwa wamepinga tangu mwanzo: mwalimu, mchungaji au mfanyabiashara atasimamaje nyuma ya mtu mmoja mbele ya kijiji kizima, halafu kesho awahudumie wote? Desemba mwaka huo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi wa kura katika uchaguzi wa chama. Mwaka 1990 KANU yenyewe iliamua kuachana na mlolongo.

Sasa itazame kama mtu wa kompyuta. Ubaya wa mlolongo haukuwa kukosa siri peke yake. Haukuacha kumbukumbu. Watu wakishatawanyika, kura zimetawanyika nao. Huwezi kuhesabu tena. Kinachobaki ni neno la afisa. Ni sawa na programu inayokupa jibu halafu inafuta data iliyotumia.

Linganisha na yaliyofuata. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa lilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa na kompyuta za tume. Mwaka 2022 tume iliweka kwenye tovuti ya umma picha za fomu 34A kutoka vituo vyake, na vituo vilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Watu waliendelea kubishana, hata mahakamani, lakini walibishana juu ya karatasi zinazoonekana. Picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ilifanya kazi ambayo laini ndefu ya watu uwanjani haikuweza kuifanya.

Kwa hivyo picha yangu ya wiki itakuwa foleni. Foleni yoyote: ya benki, ya matatu jioni, ya maji. Nitapiga kutoka kando, ili urefu wake uonekane na uweze kuhesabu vichwa.

Jambo la mwisho, nalo ni la kiufundi. Simu yako huandika tarehe, saa na pengine mahali ndani ya faili ya picha. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, sehemu kubwa ya habari hizo huondolewa. Hifadhi faili asili kwenye tarakilishi, na uiite jina lenye mwaka, mwezi na mtaa. Wajukuu watakapobishana kuhusu laini ya leo, wawe na kitu cha kuhesabu.

Haya, laini yako ni ipi?