Mshahara wa Weita Si Deni la Mteja: Stori Iliyoanza kwa Treni

Siku yangu ya kwanza kubeba sinia nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kuitwa chuo, na jamaa mmoja wa mtaa akaniunganishia kazi kwa hoteli fulani hapa Nairobi. Sitaitaja. Nilipouliza mshahara ni ngapi, bosi akacheka. "Kijana, wewe changamka tu. Wateja ndio watakulipa." Mwisho wa mwezi nilipewa bahasha nyepesi hadi nikadhani amesahau kuweka kitu. Kumbe hakuwa anatania.

Wakati huo niliona ni ujanja wake tu. Baadaye nikaanza kusoma historia ya bakshishi, nikagundua huyo bosi hakubuni kitu. Hiyo lugha yake ni nzee kuliko Nairobi yenyewe.

Twende Marekani kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, na mwaka huohuo utumwa ukapigwa marufuku kwa katiba. Watu weusi karibu milioni 4 wakawa huru, lakini wengi wao bila shamba na bila akiba. Miaka hiyo matajiri wa huko walikuwa wakirudi kutoka kutembea Ulaya na tabia mpya ya kumwachia mtumishi sarafu. Waajiri wakaona mwanya.

1867 George Pullman akaanzisha kampuni ya mabehewa ya kulala, yale ya kifahari. Kazi ya kutandika vitanda, kubeba mizigo na kung'arisha viatu wakapewa wanaume weusi, na wale wa kwanza wengi walikuwa wametoka utumwani. Mshahara ulikuwa kidogo, zingine watafute kwa abiria. Na abiria wengi hawakujisumbua kuwauliza majina. Wote waliitwa "George", jina la mwenye kampuni, vile tu mtumwa alivyokuwa akiitwa kwa jina la bwana wake.

Hebu fikiria hiyo. Unaitwa jina si lako, unatabasamu usiku kucha, na huwezi kujibu kwa sababu chakula cha watoto wako kiko mfukoni mwa huyo anayekudharau.

Si kwamba Wamarekani wote walikubali. 1909 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kupiga bakshishi marufuku, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Ukiniuliza, shida ilikuwa moja: kukataza sarafu ya mteja hakumfanyi bosi aongeze mshahara.

Kilichofanya kazi ni chama. 1925 wapagazi wa Pullman waliunda chama chao, kikiongozwa na A. Philip Randolph. Walipigana miaka 12. 1937 kampuni ikasaini mkataba, mshahara ukapanda na saa za kazi zikapungua.

Mwaka mmoja baadaye, 1938, Marekani ikapata sheria ya kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa. Lakini wafanyakazi wengi wa hoteli na mikahawa waliachwa nje. Walipoingizwa 1966, waliingia na mtego: bosi akaruhusiwa kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Ndiyo maana hadi leo sheria ya kitaifa inamruhusu bosi kumlipa weita dola 2.13 kwa saa, kiwango cha tangu 1991, wakati kima cha kawaida ni dola 7.25. Bakshishi ikikosa kuziba hilo pengo, bosi anafaa aongeze. Majimbo 7, California ikiwemo, yalikataa huo mchezo. Huko weita analipwa kima chote kwanza, na mikahawa bado imefungua milango.

Sasa rudi kwetu. Sheria ya Kenya haina huo mtego. Kima cha chini ni cha bosi kulipa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Na kuna uzi unaotuunganisha na wale wa treni. Randolph alikuja kuwa mmoja wa makamu wa rais wa AFL-CIO, muungano mkubwa wa vyama vya wafanyakazi Marekani. Muungano huohuo ulichangia pesa za kujenga Solidarity House, hapa Nairobi, wakati wa Tom Mboya. Kwa hivyo bosi wangu alichagua urithi wa Pullman akaacha ule wa Randolph.

Najua mtaniambia kuna maweita wanaopenda mambo yabaki hivyo. Ni kweli. 2024 wapiga kura wa Massachusetts walikataa kuondoa mshahara wa chini wa maweita, na baadhi ya maweita wenyewe walipinga mabadiliko. Nawaelewa. Kuna Jumamosi nilienda nyumbani na pesa nikajiona mfalme.

Lakini kuna kitu sijawahi kusema. Bakshishi ilinifundisha kubagua. Mwenye suti alipata maji kabla hajakaa vizuri. Siku moja mzee mmoja wa kofia aliagiza chai na mandazi mawili, nikamwacha karibu nusu saa kwa sababu nilishampima na macho. Alipoondoka nilikuta shilingi 20 chini ya kisosi. Niliona aibu kuzichukua, lakini nikazichukua, kwa sababu ndio ilikuwa nauli.

Mimi bado naacha kitu mezani, na nyinyi msiache. Mpe weita mkononi, na umuulize kama inamfikia. Ila hiyo ni asante. Mshahara ni wa bosi, na asiyeweza kulipa watu wake anafanya biashara na jasho la wengine.

Kama umewahi kubeba sinia, niambie: wewe ulilipwa na nani?