Kwa nini redio ya gari la Japani hainasi baadhi ya stesheni zetu

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, yakiwemo yanayopita kila siku kati ya Manyoni, Singida na Nzega, yalitengenezwa kwa soko la Japani. Redio zake nazo ni za huko.

Nchini Japani, FM huanzia megahezi 76. Redio nyingi za zamani huishia 90, na nyingi za karibuni 95. Tanzania tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo stesheni iliyo kwenye 98 haipatikani, hata mnara ukiwa jirani.

Njia ya bei nafuu ni ekspanda, kifaa kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa: ikipunguza 14, stesheni ya 98 utaikuta kwenye 84. Lakini redio inayoishia 90 itanasa 90 hadi 104 tu. Muulize fundi ekspanda yake inapunguza kiasi gani kabla ya kulipa. Ukitaka stesheni zote, badilisha redio.

Ramani ni suala jingine. Mawimbi ya setilaiti za GPS yanafika hata Singida, ila ramani iliyomo ni ya Japani. Tumia ya simu.

Hata hivyo, usitupe kadi ya ramani. Baadhi ya redio, betri ikichomolewa, hujifunga na kudai kadi hiyo au namba ya siri. Unaponunua gari, hakikisha kadi ipo.