Wakutubi Waliotangulia Injini za Utafutaji

Mwanzoni mwa 1994 wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti walizozipenda. Orodha ilipozidi kurefuka waliigawa katika makundi. Makundi yalipojaa nayo yakagawanywa, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikawa kampuni, Yahoo. Ukurasa wake wa mbele ulikuja kuwa na makundi makuu 14, kuanzia sanaa na biashara hadi afya, serikali na michezo. Msomaji alishuka ngazi kwa ngazi, akibofya kundi ndani ya kundi, mpaka aifikie tovuti anayoitaka. Walioamua kila tovuti ikae wapi walikuwa watu, chini ya usimamizi wa Srinija Srinivasan, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo kabisa. Mwishoni mwa 2014 saraka hiyo ilifungwa. Wengi waliichukulia habari hiyo kuwa ushahidi kwamba uainishaji wa maarifa ni kazi ya zamani, na kwamba kisanduku cha kutafutia kinajitosheleza. Historia inasema vingine. Kilichokufa ni aina moja tu ya mpangilio, nayo ilikuwa imerithiwa kutoka kwenye rafu za vitabu.

Mkutubi wa Marekani Melvil Dewey alikuwa na umri wa miaka 24 alipochapisha, mwaka 1876, kijitabu cha kurasa 44 kisichokuwa na jina lake. Ndani yake alizigawa elimu zote katika makundi kumi, kila kundi likagawanywa mara kumi, kisha mara kumi tena. Kabla ya hapo maktaba nyingi zilikipa kitabu namba ya rafu kilipowekwa. Dewey alikipa namba ya mada yake, kikawa kinaweza kuhamishwa bila kupotea. Yalikuwa mapinduzi ya kweli. Lakini kitabu hakiwezi kusimama kwenye rafu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkutubi alilazimika kukichagulia tawi moja, na anayechagua huchagua kwa macho yake mwenyewe. Katika kundi la 200, ambalo ni la dini, Ukristo ulipewa sehemu kubwa ya namba zote, na dini nyingine za dunia zikabanwa pamoja katika 290. Uislamu ukawekwa 297. Dini za asili za Waafrika ziko 299.6, yaani zimepewa nafasi yao baada ya nukta. Msomaji wa Lamu au Kigoma anayeingia katika maktaba inayofuata mfumo huu hukuta dunia ilivyoonekana kutoka chuo cha Amherst, Massachusetts, karne ya 19.

Yahoo iliuchukua mpangilio huo wa mti na matawi ilhali haikuwa na rafu hata moja. Vitabu na fasihi viliwekwa chini ya sanaa. Aliyevitafuta chini ya burudani alikuta kiungo chenye alama ya @ kilichomwambia, kwa adabu, kwamba makao yake halisi yako kwingine. Mwaka 2005 mwandishi Clay Shirky aliushambulia mpangilio huo katika insha iliyosomwa sana, akiuliza kwa nini tuendelee kutii masharti ya rafu mahali pasipo na rafu. Alikuwa na haki katika hilo. Wingi wa kurasa nao ulikwisha kuwashinda wahariri: saraka ya watu wa kujitolea iliyoanzishwa 1998, DMOZ, ilijitahidi hadi ikafungwa 2017, na Yahoo yenyewe ilianza kutumia matokeo ya utafutaji ya Google mwaka 2000. Alipokosea Shirky ni pale alipodhani kwamba mti ukianguka, uainishaji wenyewe umeanguka nao.

Jibu lilikuwa limepatikana Madras, India, miaka mingi nyuma. Shiyali Ramamrita Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyefanywa mkutubi wa chuo kikuu mwaka 1924, alipelekwa London kusomea kazi hiyo. Huko, katika duka la Selfridges, aliona vipande vya kuchezea vya Meccano: vipande vichache, vinavyounganishwa na kufunguliwa, vinatoa vitu visivyohesabika. Akaona kwamba mada nayo haina haja ya kusubiri tawi lililoandaliwa mapema. Mfumo wake wa 1933 uliivunja kila mada katika pande zake, ambazo baadaye alizipanga kuwa tano: kiini chake, mata, tendo, mahali na wakati. Kitabu kuhusu matibabu ya kifua kikuu nchini India miaka ya 1950 kinaweza kufikiwa kwa ugonjwa, kwa tiba, kwa nchi au kwa kipindi, na hakuna upande unaoumeza mwingine. Maktaba chache zilimfuata, kwa sababu namba zake zilikuwa ndefu na rafu bado ilidai nafasi moja. Kompyuta haina dai hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marti Hearst na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza mfumo wa Flamenco uliowawezesha watu kutafuta picha kwa kuchanganya pande kama hizo. Leo anayenunua simu mtandaoni na kuweka tiki kwenye bei, kampuni na rangi anafanya kazi aliyoibuni mkutubi wa Madras.

Kuna watakaosema kwamba mashine sasa zinaelewa lugha, hivyo kazi hii imeisha. Itazameni PubMed, hazina ya makala za tiba ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Daktari akiandika mshtuko wa moyo kwa Kiingereza cha mtaani, mfumo unatafuta pia kwa jina rasmi la kitaalamu, kwa sababu tangu 1960 maktaba hiyo inatunza kamusi ya istilahi, MeSH, inayoonyesha maneno yapi ni ndugu na lipi liko chini ya lipi. Tangu 2022 kuzibandika makala istilahi hizo ni kazi ya mashine. Istilahi zenyewe, na uhusiano wake, bado zinaamuliwa na watu. Wanaopendekeza kila mtumiaji abandike lebo yake, kama ilivyovuma wakati wa Flickr, tovuti ya kushirikishana picha, wanasahau tatizo lile lile: mmoja ataandika presha, mwingine shinikizo la damu, na makala mbili za ugonjwa mmoja hazitakutana kamwe.

Hoja nzito zaidi ni ile ya upendeleo, na Dewey anaithibitisha. Lakini asiyepanga hakwepi upendeleo. Anauachia mpangilio wa ofisi zake. Tovuti nyingi za umma zina menyu zinazofuata idara, wakati mwananchi anayetaka cheti cha kuzaliwa hana sababu ya kujua kinatolewa na wakala gani. Uingereza ilipofungua GOV.UK Oktoba 2012 ilianza na haja za watu badala ya majengo ya wizara, na hilo linawezekana kwa Kiswahili pia. Wataalamu hatuwakosi: shule ya ukutubi ya Makerere ilianzishwa 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Wizara, vyuo na magazeti yanayojenga tovuti upya yamwajiri mkutubi kabla ya kumlipa mchoraji wa kurasa, na yampe mamlaka ya kuamua maneno ya menyu.