Skeli: kupima ukweli wa MiG ya plastiki

Skeli ni uwiano usiobadilika kati ya urefu wa kitu kilichotengenezwa na urefu wa kitu halisi kinachoigwa. Mwanafunzi wa Bukoba aliyefundishwa kusoma ramani ameshakutana nayo: kwenye ramani ya 1:50,000, kila sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, iwe ya mjini au ya bondeni mwa Mto Kagera. Neno limetoka nje, limeandikwa kwa matamshi yetu na madarasa yamelizoea. Wapo wanaopendelea kusema kipimo, wengine uwiano. Mimi nasimama na skeli. Kipimo ni neno la kila kitu, la maharage sokoni na la damu maabarani; mtu akiuliza "kipimo cha ndege hii ni kipi?" hujui anataka urefu, uzito au nini. Uwiano nao unatumika hata kwenye mchanga na saruji. Skeli inataja jambo moja tu, na istilahi nzuri ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna tofauti ya kulinda hapa. Ndege ambayo mtoto ameichonga kwa kijiti ni mfano wa ndege, na hakuna atakayemdai vipimo. Modeli ya skeli ni ahadi. Kiwanda kikiandika 1/72 juu ya boksi, kimesema kwamba kila sehemu ya ndege halisi imegawanywa kwa 72: bawa, gurudumu, kioo cha rubani, hata unene wa bati. Namba hiyo ilitoka kwa Waingereza, inchi 1 kwa futi 6, hivyo mtu mrefu wa futi 6 anabaki inchi 1. Skeli nyingine zinazotumika sana ni 1/48 na 1/32. Wengi hukosea hapa: 1/32 ndiyo skeli kubwa na 1/72 ndiyo ndogo, kwa kuwa kitu kinachogawanywa kwa namba ndogo hubaki kikubwa zaidi.

Kwa watu wa Kagera hesabu hii inagusa historia yao. Oktoba 1978, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, ndege za Iddi Amin wa Uganda zilivuka mpaka zikapiga mabomu Kyaka, kisha Bukoba mjini. Mjini uharibifu haukuwa mkubwa, ila mshindo ulivunja vioo vya madirisha na watu wakakimbia ovyo. Katika masimulizi ya vita vile kati ya Tanzania na Uganda, mara nyingi ndege hizo zote huitwa MiG, basi. Lakini MiG ni ukoo mzima wa ndege za kivita. Uganda ilikuwa na MiG-17, yenye mabawa yaliyolazwa nyuma, na MiG-21, yenye mabawa ya pembetatu na koni iliyochomoza puani. Kwa hiyo anayetaka kumwonyesha mtoto wa leo kilichopita juu ya paa la babu yake hana budi kujua ni ipi, na ilikuwa kubwa kiasi gani.

Tuichukue MiG-21MF. Kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Cheki ilitoa seti ya vipande vyake katika 1/48 mwaka 2011, kisha katika 1/72 mwaka 2018. Seti mpya ikifika, kazi ya kwanza ni rahisi na inahitaji kalipa tu, au rula nzuri. Ndege halisi ina mita 7.154 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya pili. Gawanya kwa 72, unapata milimita 99.4. Gawanya kwa 48, unapata 149. Ukipima plastiki ukakuta pengo, lizidishe kurudi kwenye ndege halisi: kosa la milimita 1 katika 1/72 ni sentimita 7.2 za bati, na katika 1/48 ni sentimita 4.8. Hapo ndipo skeli inapofanya kazi yake. Kosa linaloonekana dogo mezani linapata ukubwa wake wa kweli.

Hata kiwanda chenye sifa huteleza. Mwaka 2014 Eduard hiyohiyo ilitoa ndege ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, Bf 109G-6, katika 1/48. Ndege halisi ina mabawa ya mita 9.92, kwa hiyo modeli ilitakiwa iwe na milimita 206.7. Wapimaji waligundua kuwa imezidi skeli iliyoandikwa kwenye boksi. Kampuni ilitengeneza kalibu mpya, na mwaka 2016 ikatoa seti nyingine. Kwangu hicho ni kielelezo cha heshima kwa mnunuzi.

Urefu na upana pekee havitoshi, na hapa wakaguzi wengi huchoka mapema. Angalia unene. Ukingo wa nyuma wa bawa la plastiki ukiwa na milimita 0.3 katika 1/72, umeweka kwenye ndege halisi ukingo wa milimita 21.6. Mifereji ya kuonyesha maungio ya bati ikiwa na upana wa milimita 0.2, ndege halisi ingekuwa na nyufa za milimita 14.4. Ribiti yenye kichwa cha milimita 5 ingetakiwa ionekane kwa milimita 0.07, yaani isionekane. Viwanda hukuza mambo haya kwa makusudi, ili jicho lishike kitu. Hiyo ni hiari ya kisanii, nami naikubali, mradi isiitwe usahihi wa skeli.

Kisha kuna umbo na toleo. Modeli inaweza kutimiza kila milimita ya urefu ikawa bado si ndege inayodaiwa. Mgongo wa MiG-21, ule uvimbe ulio nyuma ya kioo cha rubani, ulibadilika toleo hadi toleo: PFM ina mgongo mwembamba, MF mpana zaidi, na bis imejaa kabisa. Picha nazo hudanganya, kwa kuwa kilicho karibu na kamera hunenepa. Ni bora kulinganisha picha kadhaa zilizopigwa kutoka pande tofauti kuliko kuamini moja nzuri.

Modeli za 1/72 zimewahi kuwa vifaa vya vita. Mwaka 1942 wanafunzi wa Marekani walichonga kwa mbao maelfu ya ndege za skeli hiyo, zikatumika kuwafundisha wanajeshi kutambua ndege kwa umbo. Ukiitazama modeli hiyo kutoka mita 10, jicho linaona sawa na ndege halisi iliyo mita 720. Umuhimu wa kutambua ndege Watanzania tuliujua kwa uchungu katika vita vile: mwaka 1978, karibu na Musoma, makombora yetu yaliziangusha ndege zetu wenyewe. Pande zote mbili zilirusha MiG, hivyo jina hilo pekee halikutosha kuzitenganisha.

Mwalimu au fundi atakayetengeneza MiG kwa ajili ya kumbukumbu ya vita hivyo, awe Bukoba au Muleba, walipolazwa mashujaa wetu katika makaburi ya Kaboya, naomba aandike kwenye kitako skeli, toleo la ndege na nchi iliyokuwa nayo. Aache pia nafasi ya mgeni kupima. Ikiwa ameandika MiG-21 na 1/72, kutoka ncha hadi ncha ya mabawa pawe na milimita 99.