Mji Uliojifunza Kula Hadharani: Tarehe ya Maakuli ya Bukoba na Muleba

Mji wa Bukoba si mkubwa, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuuzunguka kwa asubuhi moja, akianzia ufukoni mwa ziwa panapotazamana na kisiwa cha Musira, akapita soko kuu na mitaa ya maduka ya zamani ya Wahindi, hata akatokea Rwamishenye kwenye barabara ya kutokea mjini. Kwa sababu hiyo si taabu siku hizi mgeni kumpata kijana wa mjini wa kumtembeza kwa miguu, mgahawa baada ya mgahawa, akimwonjesha hapa ndizi zilizopikwa na maharage, pale sato wa kukaanga, na kwingine senene waliokaushwa. Naye kijana, akiwa hodari wa maneno, atasimulia habari za kila chakula kana kwamba kimekuwa kikiuzwa mahali hapo tangu dahari. Tarehe ya nchi hii yasema kinyume. Chakula cha Wahaya, wenyeji wa hapa, ni cha kale, bali kukila mbele ya macho ya wapita njia ni jambo jipya, tena lililoingia kwa mlango wa wageni.

Katika nyumba ya Kihaya ya zama zilizopita, wakati wa kula ulikuwa wakati wa kufunga mlango. Mtaalamu Mmarekani Brad Weiss, aliyeandika juu ya maisha ya Wahaya kitabu kilichotoka mwaka 1996, aliiona desturi hii na kuipa nafasi kubwa katika maelezo yake, kwani aling'amua kwamba mlo ulikuwa amana ya watu wa nyumba, usiofaa kuanikwa kwa kila mwenye macho. Wala haukuwa ubahili: aliyebisha hodi na kukaribishwa alifungiwa mlango pamoja na wenyeji, akala walichokula. Kitu kilichotolewa waziwazi, kwa taadhima, kilikuwa kahawa, na si kahawa ya kunywa, bali buni zilizochumwa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, kisha zikatafunwa. Mgeni alipewa chache kiganjani kabla ya neno lolote la maana kusemwa, na watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akimeza ile iliyopakwa damu ya mwenziwe.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walifika katika ufalme jirani wa Karagwe katikati ya karne ya 19, wakafanya kituo chao Kafuro. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 alikuta njia za tijara zimekwisha kufunguliwa. Naye katika mambo ya maakuli alichostaajabia zaidi ni wanawake wa jamaa ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama kukawa shida kwao. Msafiri Stanley naye, mwaka 1876, alimkuta Kafuro Ahmed bin Ibrahim, tajiri wa Kiarabu aliyekuwa ametulia na kuweka maskani. Watu hawa, maadamu walikuwa na nyumba na watumishi wao, walikula kwao kwa desturi za kwao, na meza ya kuuzia chakula hawakuiweka.

Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1890, Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Isaak Eduard Schnitzer, alipoweka ufukoni kituo cha serikali ya Kijerumani. Kisha reli ya Uganda ikafika Kisumu mwaka 1901, ngozi na kahawa za nchi hii zikapata njia fupi ya kwendea Mombasa kwa meli za ziwani, na nyuma ya biashara hiyo wakaja Wahindi kufungua maduka, na pamoja nao askari, makarani, mapagazi na mabaharia, watu ambao mjini hawakuwa na kibanja, yaani shamba la migomba, wala jiko. Hapana shaka kwamba ni matumbo ya watu hao yaliyoifungua hoteli ya Bukoba, yaani ile nyumba ya benchi na meza isiyo na kitanda hata kimoja. Chakula chake kilikuwa chai ya maziwa, chapati, sambusa, maandazi na wali, vitu vya pwani na vya Bara Hindi. Ndizi haikuwamo. Na kati ya wenyeji, nani angetoa senti yake kununua kitu kinachomwozea kibanjani? Mnamo Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilivuka ziwa kutoka Kisumu, likauteka mji, likauangusha mnara wa simu ya upepo, na likaupora kabla ya kuondoka. Maduka yakafunguliwa tena, na chai ikachemshwa kama kwanza.

Aliyemwingiza Mhaya mwenyewe hotelini ni kahawa. Hapo kale upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya amri ya Wakama, watawala wa Kihaya, lakini Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliwahimiza raia wapande, na kati ya vita kuu mbili zao hili likawa ndilo linalolipa kodi, ada ya shule na bati la nyumba. Mkulima aliyetembea usiku kucha na mzigo wake kichwani ili aupimishe mapema alijikuta mchana ana fedha mfukoni, njaa tumboni, na hana mlango wa kufunga. Ndivyo alivyojifunza kula hadharani, kwanza kwa soni, akiuelekeza uso ukutani, kisha kwa mazoea. Watu hawa hawakuwa wanyonge katika jambo la kahawa: mwaka 1937 walizipinga kwa nguvu kanuni za serikali juu ya kilimo chake, na mwaka 1950 wakauanzisha umoja wao wa ushirika, BNCU, ambao ndio uliozaa KCU ya leo. Katika miaka ya 1960 kikasimamishwa mjini kiwanda cha TANICA, cha kutengeneza kahawa ya unga iyeyukayo katika maji ya moto. Pamoja na hayo yote, ukiketi leo katika mgahawa wa kawaida wa Bukoba ukasema tu unataka kitu cha moto, utaletewa chai.

Ndizi iliingia mgahawani baadaye, nayo iliingia kwa jina la katogo: ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa chungu kimoja na utumbo, au nyama, au maharage, zikaliwa asubuhi na watu waendao kazini. Mama lishe wa sokoni na wa mtaa wa Kashai wamekipa chakula hiki heshima yake, ingawa, kwa kinywa changu, nyanya na mafuta ya mjini humeza ladha ya ndizi, ilhali jikoni kwa mama wa kijijini ndizi hufunikwa kwa majani yake yenyewe, zikaiva polepole kwa mvuke, na mchuzi ukabaki kuwa wa maharage.

Kuhusu senene ni lazima nikawie kidogo. Panzi hawa wa kijani, na wengine wa rangi ya udongo, hushuka kwa wingi mnamo Novemba na Desemba, na mara nyingine tena katika mvua za Aprili na Mei. Zamani wanawake na watoto walikwenda kuwaokota alfajiri majanini, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, wengine wakawakausha moshini. Lakini aliyewaokota na kuwapika hakuruhusiwa kuwala. Senene walikuwa wa mume, naye kwa kuipokea hidaya hiyo alipaswa kumvika mkewe nguo mpya. Sijaona insafu katika mwiko huo, na nafurahi kwamba umekwisha: leo mwanamke ndiye auzaye senene sokoni, ndiye apangaye bei, naye huwala mbele ya mteja ili kumhakikishia kwamba ni wazuri. Uwindaji nao umegeuka, kwani taa kali huwashwa usiku na mabati husimamishwa juu ya mapipa, wakadondoka humo kwa maelfu. Hakuna Mhaya aliye Dar es Salaam asiyewangojea ndugu zake wampelekee.

Habari ya samaki ni fupi zaidi. Sangara wanaouzwa leo kila mahali hawakuwamo ziwani kabla ya miaka ya 1950, walipotiwa humo na watu. Dagaa na samaki wengine ndio wazee wa maji haya. Ziwa hilo hilo lilikuwa njia kuu ya ndizi za Kagera kwendea Mwanza, na meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiangamiza mamia ya watu, ilikuwa imepakia pia ndizi.

Lakini anayetaka kujua chakula hiki kinatoka wapi hana budi kuuacha mji, ambao maduka yake ya zamani yaliathirika sana kwa tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, akashika njia ya Muleba. Akifika Muhutwe apande mlima hadi Kamachumu, penye vibanja vilivyoshikana, migomba na mibuni na maharage vikikaa pamoja kivulini, na majani ya kutandaza chini yakiletwa kutoka mbugani. Hapo ataona obwato, mtumbwi wa mti usiokwenda majini, ambamo maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa huchanganywa na mtama uliokaangwa, yakaachwa hata yawe lubisi, pombe ya ndizi. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko uligunduliwa mkoani Kagera, ukakausha migomba mingi. Nazo ndizi za kigeni ziitwazo FHIA, zilizosambazwa miaka ya 1990 kwa sababu ya ustahimilivu wake, huzaa mikungu mikubwa, ila wazee huzila kwa kulazimika. Na kutoka kwenye miinuko ya Muleba huonekana ziwani kisiwa cha Bumbire, ambako Stanley alitia nanga mwezi wa Aprili 1875 akitafuta chakula, akanyang'anywa makasia badala ya kuuziwa ndizi, na mwezi wa Agosti akarudi na bunduki, akaua watu kwa makumi. Safari ya chakula hapa si jambo la jana, wala haikuwa ya amani daima.

Ombi langu kwa vijana wanaowatembeza wageni mjini ni kwamba watie katika safari yao mlo mmoja wa Kamachumu au Nshamba huko Muleba, ndani ya nyumba ya mtu. Wamlipe mama wa nyumba haki yake kamili kabla ya kuketi, na mgeni aelezwe mapema kwamba, mlango ukifungwa, asitoe kamera.